KASUKU WA KIJIVU NA MTI WENYE TUNDU

Mtu wa Machakos akitajiwa kasuku, aghalabu hufikiri juu ya ndege wawili. Wa kwanza ni kasuku mdogo wa porini, apitaye asubuhi na mapema akipiga kelele juu ya migunga na mikuyu ya mabondeni, na ambaye mkulima humlaumu mahindi yanapokomaa. Wa pili ni ndege mkubwa zaidi, wa rangi ya majivu, mwenye mkia mwekundu, ambaye msafiri huweza kumwona kizimbani katika nyumba ya mtu mwenye mali huko Nairobi au Mombasa, akiwaita watu kwa majina yao na kucheka kama mwanadamu.

Ndege hawa ni wa ukoo mmoja. Lakini yule wa pili, kasuku wa kijivu, amefika mahali pa hatari. Katika Kenya nzima wale waliosalia msituni, katika hali yao ya asili, ni wachache kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Kwa hiyo yafaa kueleza jinsi ndege huyu anavyoishi, mambo gani yamempunguza, na kwa nini habari zake zinamhusu hata mtu akaaye katika milima ya Iveti, mbali kabisa na msitu wowote anamopatikana.

UMBO LAKE

Kasuku wa kijivu ndiye mkubwa kupita kasuku wote wa bara la Afrika. Urefu wake ni sentimeta 33 hivi, na uzito wake ni kama nusu kilo. Manyoya ya mwili ni ya kijivu, yenye kingo nyeupe-nyeupe, hata mtu akimtazama kwa karibu huona kana kwamba amevaa magamba ya samaki. Uso wake kuzunguka macho ni mweupe na hauna manyoya. Mdomo ni mweusi, mnene, nao umepinda kama kulabu. Mkia ni mwekundu sana. Kinda lina macho meusi. Kadiri linavyokua macho hubadilika kidogo kidogo, hata ndege akiwa mzima huwa ya rangi ya manjano. Kwa alama hiyo mtu mzoefu huweza kutambua kama ndege ni mchanga au ni mtu mzima.

Miguu yake haifanani na ya kuku. Vidole viwili huelekea mbele na viwili nyuma, kwa hiyo mguu mmoja humfaa kama mkono. Hushika tunda kwa mguu, akaligeuza, akalipeleka mdomoni. Taya la juu nalo hucheza, si la chini tu, na kwa nguvu ya mdomo huo huvunja kokwa ngumu. Akiwa anapanda tawi, hutumia mdomo kama mguu wa tatu.

MAISHA YAKE MSITUNI

Nchi ya ndege huyu ni misitu mikubwa yenye mvua nyingi. Huanzia upande wa mashariki wa Kodivaa huko Afrika Magharibi, hupita Ghana, Nigeria, Kameruni na nchi zote za bonde la mto Kongo, hata Uganda, pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania upande wa Kagera, na magharibi ya Kenya. Katika Uganda bado huonekana katika misitu kama Mabira, Budongo na Kibale, na hata kandokando ya ziwa karibu na Entebbe. Yuko na ndugu yake mwenye rangi nyeusi zaidi na mkia wa hudhurungi, aishiye magharibi zaidi, kutoka Guinea-Bissau hadi Kodivaa.

Chakula chake ni matunda, mbegu na kokwa za miti. Hupenda hasa matunda ya mchikichi, yaani yale yatoayo mawese. Hubeba matunda kwa mdomo, na mengine humponyoka njiani yakaanguka mbali na mti uliyoyazaa. Kadhalika hushuka makundi makundi katika mahali pa wazi ndani ya msitu, penye udongo wenye chumvichumvi, ili ale udongo huo na kunywa maji. Jioni hukutana kulala pamoja katika miti mirefu. Zamani makundi hayo yaliweza kuwa na maelfu ya ndege, na kelele zao zilisikika kutoka mbali kabla hawajaonekana.

Kasuku wa kijivu huoana wawili wawili, nao hukaa pamoja miaka mingi. Hawajengi kiota cha majani wala vijiti. Nyumba yao ni tundu lililo katika shina la mti mkubwa, mara nyingi meta 10 hadi 30 juu ya ardhi. Jike hutaga mayai mawili hata manne au zaidi kidogo, akayaatamia yeye peke yake muda wa mwezi mmoja hivi, huku dume akimletea chakula. Makinda huangua bila manyoya, nayo hukaa tunduni karibu miezi mitatu kabla ya kuruka. Hata baada ya kuruka hufuatana na wazazi wao, wakijifunza matunda gani huliwa na hatari gani hukimbiwa.

Hapa pana jambo kubwa la kukumbukwa. Kuku wa kienyeji huanza kutaga akiwa na umri wa miezi sita hivi, na akipoteza vifaranga wake leo, baada ya majuma machache atataga tena. Kasuku wa kijivu sivyo alivyo. Hupita miaka kadhaa kabla hajaweza kuzaa, si kila jozi hutaga kila mwaka, na makinda wanaofika kuruka ni wachache. Hali hiyo haimdhuru maadamu anaishi miaka mingi, kwa maana ana muda wa kutosha wa kuacha wazao. Walio kizimbani wameishi miaka 40, 50, na wengine zaidi. Lakini ndege aliyeumbwa kuzaa polepole na kuishi sana hana njia ya kulipa hasara ya ghafula. Ukiwaondoa wakubwa, hakuna wadogo wa kutosha wa kushika mahali pao.

SABABU YA KUSEMA KWAKE

Watu wengi hudhani kuwa kasuku amepewa ulimi wa mtu. Kweli ulimi wake ni mnene na hucheza vizuri, lakini sauti yenyewe haitoki hapo. Chombo cha sauti cha ndege kipo chini ya koo, pale ambapo njia ya pumzi hugawanyika kwenda katika mapafu mawili. Kasuku ana uwezo mkubwa wa kukitawala chombo hicho, naye akitumia ulimi kuibadili sauti, huweza kufanya mlio unaofanana na neno, ingawa hana midomo laini kama ya mtu.

Je, huko msituni anazungumza na nani? Wataalamu waliorekodi sauti za kasuku hawa porini katika Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, walieleza mwaka 1993 kuwa waliwasikia wakiiga milio ya ndege wengine wa aina tisa, na hata mlio wa popo mmoja. Basi kuiga hakukuanzia kizimbani. Ni desturi ya kiumbe aishiye katika kundi, ambaye hujitambulisha kwa wenzake kwa sauti. Akitekwa na kufungiwa nyumbani, watu wa nyumba ile ndio huwa kundi lake, naye hujifunza sauti zao kwa kuwa hana nyingine za kujibu.

Akili yake nayo imepimwa. Mwaka 1977 mwanamke mmoja Mmarekani mwenye elimu ya sayansi, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu katika duka la Chicago akamwita Alex. Kwa muda wa miaka 30 alimfundisha na kumpima. Alex alijua majina ya vitu, rangi na maumbo yapatayo kama maneno 100, aliweza kuhesabu vitu hata sita, na alipoonyeshwa vitu viwili aliweza kusema ni kwa rangi au kwa umbo vinavyotofautiana. Alikufa mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 31. Tena mwaka 2020 wataalamu wengine walitangaza kuwa kasuku hawa, wakipewa vipande vya chuma vya kubadilishia chakula, huwapa wenzao wasio navyo, hata pale ambapo mtoaji mwenyewe hapati kitu.

Kutokana na hayo twafahamu pia mateso ya ndege huyu akiwekwa peke yake. Kasuku mwenye upweke huanza kujing'oa manyoya kifuani hata ngozi ikabaki wazi. Akilishwa mbegu za alizeti tu kila siku, huugua kwa kukosa madini na vitamini alizozoea kupata katika matunda na udongo wa msituni. Na kwa kuwa maisha yake ni marefu, mara nyingi mwenyewe hufa au huhama akamwacha, naye huanza tena na watu wageni asiowajua.

BIASHARA ILIYOMMALIZA

Kipawa cha kusema, ambacho watu humpendea, ndicho kilichomletea maangamizi. Tangu zamani watu wa Ulaya na Asia walitaka kumnunua, na usafiri wa ndege za abiria ulipoenea, biashara ikawa kubwa mno. Hesabu za vyeti vya kimataifa zaonyesha kuwa tangu mwaka 1975 hadi 2013 kasuku wa kijivu zaidi ya milioni moja, waliokamatwa porini, walipelekwa nje ya nchi zao. Hao ni wale walioandikwa tu. Waliopitishwa kwa magendo hawamo, wala hawamo waliokufa kabla ya kufika bandarini au kwenye uwanja wa ndege.

Njia za kuwanasa ni nyepesi, na zaangamiza wengi kwa mara moja. Mtegaji hupaka ulimbo juu ya matawi ya mti ambao kasuku hulala, akamfunga hapo kasuku mmoja wa kuwavuta wengine kwa mlio wake. Wenzake huja kumwitikia, wakanasa miguu na mabawa. Wengine hutega nyavu pale penye udongo wa chumvichumvi, ambapo kundi zima hushuka pamoja. Wengine hupanda mti na kutoa makinda tunduni, na kama mti haupandiki, huukata. Hapo makinda mengi hufa kwa anguko, na tundu lililotumiwa miaka na miaka hupotea pamoja nayo.

Baada ya kukamatwa ndege hufungiwa wengi pamoja katika makasha yenye joto na kiu. Wataalamu waliochunguza jambo hili wanakadiria kuwa theluthi moja, na pengine zaidi ya nusu, hufa kati ya kutegwa na kusafirishwa. Kwa hiyo mtu anayemwona kasuku mmoja wa mwituni kizimbani akiita "Karibu!" ajue kuwa pengine nyuma yake yupo mwingine aliyekufa ambaye hakuonekana na mnunuzi yeyote.

Matokeo yake yameonekana waziwazi huko Ghana. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kasuku wa nchi ile wamepungua kwa asilimia 90 au zaidi. Mahali ambapo wazee wanakumbuka makundi ya mamia na maelfu, wachunguzi walikaa siku nyingi wakaona wachache tu, au wasione hata mmoja.

Mataifa hayakunyamaza, ingawa yalichelewa. Marekani ilitunga sheria mwaka 1992 ya kuzuia uingizaji wa ndege kama hao. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifunga mlango mwaka 2005 kwa kuogopa homa ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 katazo hilo likawa la daima. Kisha mwezi wa Oktoba 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, nchi zilizotia sahihi mkataba wa CITES, ambao husimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zilikubali kumtia kasuku wa kijivu katika orodha ya kwanza. Maana yake ni kwamba ndege aliyekamatwa porini haruhusiwi tena kuuzwa nchi za nje kwa faida. Katika mwaka huo huo alitangazwa kuwa kiumbe aliye katika hatari ya kutoweka duniani.

Hata hivyo sheria haimalizi magendo siku moja. Katika Kongo ya mashariki, huko Lwiro katika Kivu Kusini, kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya kulea sokwe yatima kimelazimika kupokea pia kasuku walionyang'anywa wafanya magendo. Wengine hufika wakiwa wamekatwa manyoya ya mabawa, na hukaa muda mrefu kabla ya kuota mapya na kuweza kuruka.

MSITU WA KAKAMEGA

Katika Kenya makao ya kasuku wa kijivu ni msitu wa Kakamega. Msitu huo ni kama kipande kilichokatika kutoka katika misitu mikuu ya Kongo na Uganda, nao una ndege, vipepeo na miti isiyopatikana mahali pengine popote katika nchi hii. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1933, na sehemu yake ya kaskazini, upande wa Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985.

Lakini kabla ya hapo na baadaye, miti yake mikubwa ilikatwa kwa wingi. Mbao zilitakiwa, kuni na makaa yalitakiwa, na mashamba yakasogea pande zote, maana wilaya zile zina watu wengi sana. Mkataji wa mbao huchagua mti mnene na mrefu, na mti mnene na mrefu ndio wenye tundu la kasuku. Kwa hiyo msitu waweza kuonekana bado ni wa kijani kwa mtu apitaye barabarani, na ndani yake nyumba za ndege zimekwisha.

Vitabu vya ndege vya miaka ya 1990 tayari vilieleza kuwa kasuku wa kijivu wa Kakamega hawakufika kumi. Tangu wakati huo hawajaongezeka. Kundi la namna hiyo laweza kumalizwa na mtegaji mmoja mwenye ulimbo kwa asubuhi moja, au na radi ikipiga mti wanaolalia. Wakiondoka hao, Kenya haitakuwa tena na kasuku wa kijivu wa mwituni, nao watabaki kuwa ndege wa kizimbani na wa picha vitabuni.

HABARI HIZI NA WATU WA MACHAKOS

Msomaji ataweza kuuliza: Kakamega ni mbali, mtu wa Machakos ahusikaje? Jibu liko katika lile tundu la mti.

Kasuku wa Ukambani ni wa aina nyingine. Mmoja ni yule wa kahawia, mwenye manjano begani na mgongo wa kijani-samawati. Mwingine ni yule ambaye dume lake lina tumbo la rangi ya chungwa, na jike lake tumbo la kijani. Huyu wa pili hupenda nchi kavu yenye migunga na mibuyu. Wote wawili ni wadogo kuliko kasuku wa kijivu, wala hawasemi kama yeye, lakini nyumba zao ni zile zile: tundu la mti mzee, ama lililotobolewa kwanza na kigong'ota, ama lililotokea tawi lilipovunjika na moyo wa mti ukaoza. Yule mwenye tumbo la chungwa wakati mwingine hutaga hata katika kichuguu. Bundi nao, na hondohondo, na ndege wengine wengi, hupanga katika nyumba hizo hizo.

Watu wa Machakos wana sifa ambayo imeandikwa katika vitabu. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali waliitazama milima yao iliyochimbwa na maji, wakaandika kwamba nchi ile ilikuwa ikielekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Lakini wenyeji walichimba matuta, hasa yale ya fanya juu, wakapanda miti mashambani, wakazuia udongo. Mwaka 1994 kilitoka kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichoonyesha kuwa baina ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa wilaya ile ya zamani waliongezeka karibu mara tano, na huku mmomonyoko wa udongo ukapungua na miti ikazidi. Hilo ni jambo la kujivunia, na ni ushahidi kuwa nchi iliyoharibika yaweza kutengenezwa na mikono ya wenyewe.

Walakini yapasa kutambua tofauti moja. Mgrevilea uliopandwa kando ya shamba ni mti mzuri. Hutoa kuni na mbao, na huzuia upepo. Lakini ni kijana. Haujavunjika tawi na kuoza ndani, wala hauachwi kuzeeka, maana hukatwa ukifika kimo cha mbao. Tundu la kumtosha kasuku halitokei katika miaka kumi wala ishirini. Mti sharti uzeeke kwanza, na mara nyingi muda huo hupita maisha ya mtu aliyeupanda. Wachongaji wa Wamunyu wanalijua jambo hili kwa njia yao: mpingo hukua polepole, na ule uliokatwa na babu haujarudi siku mjukuu anapopokea tezo.

Hivyo mkuyu mzee ulio kando ya mto, au mgunga uliokauka upande mmoja, ambao mwenye shamba huuona kuwa haufai ila kwa kuchomwa makaa, pengine ndio nyumba ya pekee iliyobaki katika eneo zima. Mti huo ukishakatwa, miche elfu moja ya mwaka huu haiwezi kuwa badala yake kwa ndege atakayetaka kutaga mwaka ujao.

MFANO WA KISIWA CHA MORISI

Msomaji asidhani kuwa mambo yamekwisha haribika kabisa. Katika bahari hii ya Hindi, kwenye kisiwa cha Morisi, yuko kasuku wa kijani asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Misitu ya kisiwa kile ilikatwa kwa ajili ya mashamba ya miwa, na katika miaka ya 1980 kasuku wale walisalia kumi hivi tu. Idadi hiyo yafanana sana na ya Kakamega.

Watu wakaanza kuwahudumia. Waliziba na kutengeneza matundu yaliyovuja mvua, wakawazuia panya na nyani wasile mayai, wakaweka chakula, na makinda dhaifu wakayalea kwa mikono kisha wakayarudisha msituni. Kwa kuwa miti yenye matundu ilikuwa michache, walitengeneza masanduku ya mbao wakayatundika juu mitini. Hakuna mtu wa Ukambani atakayeliona jambo hilo kuwa geni, maana tangu kale wazee wake huchonga gogo, wakalitoboa ndani, wakalitundika juu ya mti ili nyuki wapate nyumba. Ndege wale waliyakubali masanduku, na leo hesabu yao imepita 700. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 30, na ilifaulu kwa sababu wale kumi wa mwisho walilindwa wakiwa bado hai.

YAPASAYO KUTENDWA

Jambo la kwanza ni la mnunuzi. Asiwepo mtu atakayenunua kasuku wa kijivu njiani, sokoni au kwa mtu anayesema tu kuwa ndege ametoka Kongo au Uganda. Bei anayolipa ndiyo inayomrudisha mtegaji msituni. Ndege aliyezaliwa kizimbani kwa mfugaji halali kwa kawaida huvishwa mguuni pete isiyo na kiungo, ambayo haiwezi kuvishwa ila ndege akiwa kinda, tena huwa na hati zake. Hata hivyo, kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, kumfuga mnyama au ndege wa porini bila kibali ni kosa. Anayetaka kujua zaidi aulize katika ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya.

Jambo la pili ni la yule ambaye tayari anaye ndege huyo nyumbani. Asimfungulie mlango aruke zake kwa kudhani kuwa anamtendea hisani. Kasuku aliyelelewa na watu hajui matunda ya msituni wala hamjui kipanga, naye katika nchi kavu ya Machakos hatapata chakula chake. Tena anaweza kuwapelekea ndege wa porini ugonjwa. Ampeleke habari zake kwa maofisa wa wanyamapori, na wakati huo ampe matunda na mboga badala ya mbegu peke yake, wala asimwache siku nzima bila mwenzi.

Jambo la tatu ni la mwenye shamba. Anapopanda miche mipya, na afanye hivyo kwa bidii, aache pia mti mmoja au miwili mizee yenye matundu usimame mpaka uanguke wenyewe, kama hauihatarishi nyumba wala njia. Kasuku wa kijivu hatakuja kukaa hapo, lakini yule wa tumbo la chungwa atakuja, na bundi anayemla panya wa ghalani atakuja. Watoto wa shamba hilo watajifunza kwa macho yao jambo ambalo watoto wa Kakamega huenda wakalisoma vitabuni tu.

Wazee walisema kuwa majuto ni mjukuu. Kasuku ni ndege wa maneno mengi, lakini hilo moja hawezi kulisema kwa niaba yake mwenyewe. Huiga tu yale aliyoyasikia kwa watu. Ni wajibu wa watu kulisema, na kulitenda, maadamu katika msitu wa Kakamega bado kuna mti unaolaliwa na ndege wenye mkia mwekundu.